Ukali wa Bi Dhahabu kwa Kiingereza

Pale Shika Adabu, Likoni, mtu akitaka jambo lake lisemwe likasemeka, alimwendea Dhahabu Suleiman. Hakuwa mzee, hakuwa na cheo, na wala hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na ulimi tu. Bi harusi akinuna akarudi kwao, Dhahabu ndiye aliyetumwa kumbembeleza. Mwenye nyumba akitaka kumtoa mpangaji bila matata, alimwita yeye, na mpangaji naye, kabla hajafunga virago, alimwita yeye huyo huyo. Mumewe Faki, fundi wa mafriji, alipenda kuwaambia rafiki zake kwamba tangu waoane hajaamrishwa jambo hata moja, lakini kila alilolitaka mkewe limekuwa.

Kazini nako ilikuwa hivyo. Alifanya kazi Changamwe, katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, akipokea wageni na simu. Madereva wa malori waliingia wamefura kwa kungojeshwa, wakatoka wametulia, na huku mzigo wenyewe bado haujapatikana. Kwa hiyo Anwar, aliyekuwa akiandikiana na wateja wa ng'ambo, alipopata kazi Doha akaenda zake, mkubwa wao Lewa hakutafuta mbali. Alimpa Dhahabu kiti cha Anwar.

"Wewe wajua kusema na watu," alimwambia. "Kuandika ni kusema tu, ila kwa vidole."

Dhahabu alimwamini. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha nne, lakini alikishika vizuri. Aliandika barua pepe fupi, zilizo wazi, zisizo na makosa ya herufi, na chini akatia jina: D. Suleiman. Karatasi zilikuja, mizigo ikatoka, naye akajiona ameiweza kazi.

Kisha siku moja Lewa akamwita ofisini kwake na kufunga mlango. Dhahabu alishangaa, kwa sababu mlango ule haukuwa na kawaida ya kufungwa.

"Keti, Bi Dhahabu. Kuna yule mama wa Uholanzi anayeleta vyerehani. Amenipigia simu. Anauliza huyu bwana anayemfokea ni nani."

"Bwana gani tena?"

"Bwana D. Suleiman."

Dhahabu alitaka kucheka, lakini Lewa hakuwa akicheka. Aligeuza kompyuta, akamsomea polepole barua aliyoituma Dhahabu mwenyewe: "You must send the papers by Monday. Your agent must wait at the gate. You must not delay."

Dhahabu alisikiliza maneno yake. Wakati wa kuyaandika, kichwani mwake yalikuwa maneno mengine kabisa. Alikuwa amesema: mtuletee karatasi kabla ya Jumatatu, wakala wenu angoje langoni, msichelewe. Maneno kama hayo angeweza kumwambia hata mamake Faki.

"Mbona ni yale yale?" aliuliza.

"Kwako ni yale yale. Wewe ukisema, mtu akuona uso, asikia na sauti yako. Barua haina uso. Yule mama ameona lazima, lazima, lazima, akadhani kuna askari hapa."

Lewa aliyasema hayo kwa upole, na huo upole ndio uliomchoma Dhahabu zaidi. Jioni alimsimulia mumewe. Faki aliangua kicheko, "Wewe? Mkali? Wallahi, nipelekwe nikawaone watu hao!" Kisha akamtazama mkewe, kicheko kikakatika. Dhahabu alikuwa akikunja nguo zilezile alizokwisha kuzikunja.

"Nimemtukana mtu nisiyemjua," alisema. "Na sijui nimemtukana vipi."

Lewa ndiye aliyemwelekeza kwa Mwalimu Milcah Kaviha. Milcah aliwahi kufundisha shule kwa miaka mingi, na sasa kila Jumamosi alifundisha Kiingereza cha ofisini kule Junda, Kisauni, katika chumba kimoja juu ya duka la rangi. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima: makarani, wahudumu wa hoteli, mlinzi mmoja aliyetaka kupandishwa cheo. Harufu ya rangi ilipanda kutoka chini, na feni ilizunguka kwa kusitasita.

Mwanzoni alifundishwa kutia "kindly" na "please". Dhahabu akayamwaga maneno hayo kote. Aliandika "Kindly you must send", Milcah akaisoma, akacheka mpaka akavua miwani.

"Huyu bado ni askari, Bi Dhahabu. Ila sasa amejipaka manukato."

Somo lililofuata ndilo lililomshinda. Milcah aliandika ubaoni: "We request that your agent wait at the gate." Akaeleza kwamba katika barua za kazi, mtu anapoomba, anapopendekeza au anaposisitiza jambo lifanyike, kitenzi hubaki kitupu. Ni "wait", si "waits". Ni "be", si "is".

Dhahabu aliinua mkono. "Mwalimu, na ile s imekwenda wapi? Shuleni tulichapwa kwa ajili ya s hiyo. He waits, she waits. Leo mwasema tuiache?"

"Hapo iache."

"Kwa nini?"

Milcah alikuwa amefundisha somo hilo mara nyingi, na kila mara aliwaambia watu wakariri tu. "Ndivyo wanavyosema wenyewe," alijibu. "Kariri."

Dhahabu alijaribu kukariri. Lakini kila alipoandika, vidole vyake viliirudisha s mahali pake, kama mtoto anayemfuata mama hata akiambiwa abaki nyumbani. Jumamosi zilipita. Wenzake walisonga mbele na kujifunza mambo ya mikutano na ripoti, yeye akabaki palepale. Ofisini alianza kuogopa kuandika. Barua alizokuwa akizimaliza kabla chai haijapoa sasa zilimlalia mezani hadi Lewa akaanza kuziandika mwenyewe bila kusema neno.

"Nataka kumwambia Bwana Lewa anirudishe kwenye simu," alimwambia Faki.

"Mwambie. Lakini kwanza umwalike huyo mwalimu wako aje ale kwetu. Huwezi kumwacha mtu hivihivi, bila hata sahani ya wali."

Ndivyo Milcah alivyofika Shika Adabu Jumapili moja baada ya ibada, na gauni lake la kanisani. Walikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na Dhahabu alikuwa bado akitafuta namna ya kusema kwamba anaacha masomo, waliposikia hodi. Walikuwa wanawake watatu wa jirani, wamekasirika. Mzee Mramba alikuwa akijenga ukuta, na mchanga wake umemwagwa katikati ya njia. Mkokoteni wa maji haukuweza kupita tangu juzi. Mmoja wao alikuwa amekwisha kurushiana maneno na mzee huyo, na sasa mzee ameapa mchanga hautoki.

"Twende, Dhahabu. Wewe ndiye utakayemweza."

Dhahabu alimwomba mgeni wake radhi. Milcah akasema hapana, naye ataandamana nao, anyooshe miguu.

Mramba alikuwa ameketi juu ya tofali zake, mikono magotini, akiwatazama wanavyokuja. Dhahabu alisimama kando ya mchanga, si mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Ukuta unapanda, mashallah. Umenyooka."

"Fundi ni mimi mwenyewe," alisema Mramba, na mabega yake yakashuka kidogo.

"Yaonekana. Baba, tumekuja na ombi. Twaomba, ukiridhia, mchanga usogezwe kando kidogo, mkokoteni upite, wenye watoto wapate maji. Nawe uendelee na kazi yako kwa raha, Mungu akujalie uimalize salama."

Mzee alimtazama yule mwanamke waliyerushiana maneno, kisha akamtazama Dhahabu.

"Mimi mgongo wauma. Asogeze nani?"

"Tusaidiane. Mume wangu yuko nyumbani, nimwite aje na sepetu."

"Basi aje. Na huyu aliyeniita mchoyo, naye abebe karai."

Yule mwanamke alifungua kinywa, Dhahabu akamshika mkono taratibu, kinywa kikafungika. Alibeba karai. Faki alikuja na sepetu, mashavu bado yana wali, na jua lilipoanza kupunguza ukali njia ilikuwa wazi.

Milcah alikuwa amesimama pembeni muda wote. Walipokuwa wakirudi, alimshika Dhahabu mkono akamsimamisha.

"Umemwambia nini yule mzee?"

"Si umesikia? Nimemwomba."

"Kwa maneno gani? Yarudie yaleyale."

Dhahabu alifikiri. "Mchanga usogezwe. Mkokoteni upite. Wapate maji. Uendelee. Akujalie."

"Hukusema mchanga unasogezwa."

"Ningesemaje unasogezwa? Mchanga ulikuwa palepale!"

"Ndiyo hasa!" Milcah alipiga kofi moja, mpita njia akageuka. "Ulikuwa palepale. Jambo halijawa, umeomba liwe. Kwa hiyo ukaitoa ile a ya mwisho, ukaweka e. Wakala anangoja, wakala angoje. Waingereza hawana e ya kubadili, wao huiangusha s. 'He waits' ni habari: mtu anangoja, nimemwona. 'That he wait' ni ombi: hajangoja bado, naomba angoje."

Dhahabu alisimama pale njiani. Alirudia kwa sauti ndogo, Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza. "Twaomba mchanga usogezwe. We ask that the sand be moved." Akaangalia nyuma, mchanga ulipokuwa, kama aliyetaka kuhakikisha. "Be. Si is."

"Si is."

"Mwalimu, mbona hukutuambia hivi?"

"Kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kulitazama hivyo," alisema Milcah. "Mimi nililikariri. Nilifundishwa na mtu aliyelikariri." Kisha akauliza, kwa utani, "Na hapa kwenu panaitwa Shika Adabu. Hiyo ni amri. Ungetaka kuilainisha?"

"Ushike adabu," alisema Dhahabu. Wakacheka wote wawili. "Lakini hata hiyo, mwalimu, si ya kumwambia mgeni."

Habari ya kuacha masomo haikutajwa tena.

Jumatatu ilipofika, Dhahabu aliketi mbele ya kompyuta, akawa anasema kila sentensi kimoyomoyo kwa Kiswahili kabla ya kuiandika. Kitenzi kikimalizikia kwa e, s inaanguka. Mambo hayakunyooka mara moja. Siku moja aliandika "I want that he come", Lewa akakuna kichwa, na Milcah akalazimika kumweleza kwamba Kiingereza nacho kina vituko vyake: kutaka hakuchukuliani na mtindo huo, wao husema "I want him to come", basi. Na lile neno lake la zamani, lazima, kwa Kiswahili hufuatwa na e bila kumkera mtu, ila likivuka bahari likawa "must" hugeuka rungu. Milcah alimfundisha maneno machache ya kuyaamini: kuomba, kupendekeza, kusisitiza, na ile ya "it is important that". Dhahabu hakuyaandika mahali. Aliyazoea kwa kuyatumia.

Kontena la vyerehani lilipofika tena, lilizuiwa likaguliwe. Dhahabu alimwandikia yule mama wa Uholanzi: tunaomba wakala wenu awepo kontena likifunguliwa, na tunapendekeza karatasi za asili zitumwe mapema. "We ask that your agent be present. We suggest that the original papers be sent early." Chini hakutia jina lake, alitia la kampuni tu, akaituma bila kumwonyesha mtu.

Jibu lilikuja mchana uleule. Mambo yote yatafanywa. Na chini yake mama yule aliongeza kwamba anafurahi sana kuona kampuni imempata mtu mpya, kwani yule bwana wa mwanzo alikuwa mgumu.

Dhahabu aliisoma, akampelekea Lewa. Lewa alicheka hadi machozi yakamtoka. "Mwache," alisema. "Mwambie yule bwana amehama."

Lakini Dhahabu hakupenda kumwacha hivyo. Ilimkaa rohoni kwamba kuna mtu mahali fulani anayemshukuru na kumteta kwa pumzi moja bila kujua. Alimwandikia kwamba D. Suleiman ni yeye, ni mwanamke, jina lake ni Dhahabu, na kwamba barua zile za kwanza zilitoka kwa mtu aliyekuwa hajui maneno yake yasikika vipi upande wa pili. "I ask that I be forgiven," alimalizia. Alikaa akiitazama ile "be" kwa muda, akairidhia, akatuma.

Siku mbili hapakuwa na neno. Kisha ikaja barua fupi. Mama yule alisema hakuna la kusamehewa, yeye mwenyewe Kiingereza si lugha ya kwao, naye anajua ilivyo. Halafu aliandika: "I wish I were as patient as you."

Dhahabu alifurahi, lakini macho yake yalinasa mahali. "I were"? Alijifunza tangu utotoni kuwa ni "I was". Jumamosi, kabla darasa halijaanza, alimwonyesha Milcah kwenye simu.

"Amekosea huyu, mwalimu? Au Kiingereza cha Waholanzi ndivyo kilivyo?"

Milcah alisoma, akatabasamu, akavuta kiti.

"Hajakosea. Kwenu mwasemaje mtu akitamani jambo, na hali ajua kwamba haliko?"

Dhahabu aliinua macho, akasikiliza kinywa chake mwenyewe. "Laiti ningekuwa," alisema polepole. "Laiti ningekuwa na subira kama yako."

"Haya," alisema Milcah, akiwaita na wengine wasogee. "Leo tunaanzia hapo."