Kufuli Tatu za Stoo ya Mbegu

Zile kufuli tatu zilikuwa wazo langu, na sitamsukumia mtu mwingine lawama. Mwenyekiti wa kwanza wa kikundi chetu cha wakulima hapa Dundori alikuwa akifungua stoo ya mbegu za viazi apendavyo na kujichagulia zilizo nzuri. Tulipomng'oa, nilisimama mkutanoni nikapendekeza kufuli tatu, mwenyekiti, katibu na mtunza hazina kila mmoja na ufunguo wake, na asifungue mtu bila wenzake wawili, liwe liwalo. Nilipigiwa makofi. Nikiwa katibu, niliyaandika mwenyewe, na hilo "liwe liwalo" nikalipigia mstari kwa majivuno.

Jirani yangu, bibi mjane tuliyemwita shosho, akaleta mbegu zake zote. Alitaka kubaki na gunia moja nyumbani. Nikamwambia stoo ni salama zaidi.

Mvua ilipokuja, mtunza hazina alikuwa matangani Kuresoi, ufunguo kaufunga kwenye leso, simu imezima, na barabara ya huko imekatwa na tope. Maji yakaanza kupita chini ya mlango wa stoo. Tulichimba mtaro kama wendawazimu, lakini yaliyokwisha kuingia yalibaki humo na mbegu.

Nikamwambia mwenyekiti mpya tuvunje.

"Tukivunja leo, kesho kila mtu atakuja na sababu yake," akasema. "Na si ni wewe uliandika?"

Ni mimi. Wanachama waliokuwepo nao wakakataa. Walikuwa wameibiwa vya kutosha. Nilikasirika, kisha nikakosa hata wa kumkasirikia.

Shosho alikuja kila asubuhi.

"Si uko na ufunguo?"

"Niko na moja, shosho. Inataka tatu."

"Sasa hiyo yako inafungua nini?"

Ufunguo nilikuwa nao mfukoni, na nilitamani kuutupa.

Siku ya nne mtunza hazina alifika mbio, viatu vimejaa tope. Tulifungua kwa zamu, kufuli moja baada ya nyingine, mbele ya mashahidi, kama nilivyoandika. Harufu ilitupokea mlangoni. Hakuna kilichokuwa kimeibiwa.

Shosho alikuja na gunia tupu, shamba lake limeshalimwa. Alibonyeza kiazi kimoja, kidole kikazama. Akajipangusa kwenye sketi.

"Sasa nitapanda nini?" akaniuliza.

Nikamwambia tutaitisha mkutano.