Waliotoka Dwarka

Juzi asubuhi, stendi ya Kahama, wanawake wawili waliteremka kwenye basi la Dar wakiwa wameshikana mikono. Mmoja ni bibi wa Kihindi, mjane wa mzee aliyetuuzia misumari na mabati miaka mingi. Mwenzake ni jirani yake, Msukuma, muuza vitenge na mwanakwaya wa parokia. Walikuwa wanatoka Dwarka, mji wa hija wa Wahindu ulio ufukweni kule India, walikopeleka majivu ya mzee.

Mwanakwaya mmoja aliyekuja kuwapokea hakungoja hata mabegi yashushwe.

"Mama Kulwa, tunasikia ulienda kusali kwa miungu ya watu?"

"Nilienda kuzika," akajibu taratibu. "Watoto wake wako mbali, na zile ngazi za kuteremkia majini zinateleza. Ulitaka aanguke?"

"Na hekaluni uliingia?"

"Nilibaki nje nikilinda viatu. Lakini kule majini, kuhani alipomaliza, mama huyu akaniambia, 'Na wewe muage.' Sala zao sizijui. Nikamshukuru kwa Kisukuma, 'Wabeja, baba,' nikalia."

"Mzee angefurahi," bibi akadakia. "Hata Kigujarati alikisema kwa lafudhi ya Kisukuma."

Muulizaji akainamisha macho, akajitwika begi la bibi, akatangulia. Sisi tuliosogea kusikiliza tukajifanya tunatafuta mizigo yetu.

Tangu hapo nawasalimia majirani zangu kwa heshima zaidi. Huwezi kujua ni yupi atakayekusindikiza.