Shaba, Ndimu na Wali wa Matanga

Abudo alipokuta redio yake imelowa, alitema mate mlangoni akailaani helikopta. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu watu waanze kuimba gesi, gesi, kana kwamba Palma, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, haikuwahi kuwa na jambo jingine la kusemwa. Kila asubuhi madude yale yalipita juu ya nyumba yake yakielekea kwenye meli zinazotoboa bahari, na kwa jinsi yalivyotikisa hewa, makuti yakalegea. Mvua ikapata njia. Ikadondoka palepale ilipokatazwa kudondoka, juu ya sanduku la mninga alilolichonga mwenyewe, na ubao wa ndani wenye njia za shaba ukaungua.

Haikuwa redio ya kusikilizia habari na taarabu. Ilikuwa redio ya kusemea. Kila siku baada ya sala ya alasiri Abudo alikaa mbele yake, akaweka kidole kwenye kitufe, akazungumza kwa nukta na mistari na rafiki yake Jerónimo aliyekuwa kijijini Quiterajo. Ufundi huo waliupata pamoja, vijana wabichi, katika kambi ya wapigania uhuru huko Tanzania: mmoja mtoto wa pwani, mwingine Mmakonde wa kule juu. Vita vilipokwisha wenzao walipata nishani na ofisi. Wao wawili walipata nukta na mistari, wakaona inatosha.

Simu Jerónimo hakutaka hata kuishika. Alisema kitu kinachokukatia maneno katikati hakina adabu. Badala yake waliwekeana sharti: siku saba kimya, mwenzako amekufa. Njoo umzike, na kama umechelewa kumzika, njoo ukae matanga yake.

Basi Abudo alikuwa na siku saba za kuthibitisha kwamba yu hai.

Zamani isingemchukua hata mbili. Ubao alikuwa nao, kipande cha plastiki ngumu kilichovikwa ngozi ya shaba upande mmoja, alichokihifadhi miaka kumi ndani ya kanzu kuukuu. Aliusugua kwa majivu na makumbi mpaka ukang'aa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzichora njia za umeme juu ya shaba kwa rangi ya kucha, kisha kuutumbukiza ubao kwenye maji ya ndimu na chumvi yaliyochanganywa na água oxigenada, ile dawa ya kuoshea vidonda. Palipopakwa rangi, shaba hubaki. Pasipopakwa, dawa huila yote. Ila mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Alijaribu mara tatu, na mara tatu mstari ukaenda kama nyayo za kaa.

Siku ya nne alimeza kiburi, akaenda kwa dada yake Ancha, mchora hina. Hapakuwa na bibi harusi Palma ambaye mikono yake haikupita kwa Ancha. Alimkuta amezungukwa na wanawake wageni wa kambi ya gesi, mikono wameinyoosha kama wanaoangaliwa ukoma.

"Nani anaolewa?" aliuliza Abudo.

"Haolewi mtu, kaka. Wanataka maua tu. Wapigwe picha."

"Hina bila harusi?"

"Na we umekuja na nini? Bao lako hilo linaolewa na nani?"

Wanawake wale walicheka bila kujua kinachochekwa. Abudo alimkabidhi ubao aliokwisha kuuchora kwa penseli, na chupa ya rangi ya kucha, akamwambia afuate mistari, asiongeze kitu, asipunguze kitu.

"Nimechora watu toka hujaota ndevu," alisema Ancha, ingawa yeye ndiye mdogo. "Nenda zako."

Dawa ya vidonda nayo ilimpeleka mbio. Duka la kwanza hakuna, la pili hakuna. Yote, aliambiwa, imenunuliwa na kambi. Wana vidonda gani watu wale, alijiuliza, wanaovaa viatu vya chuma? Aliipata chupa moja siku ya sita, wakati Ancha alipoleta ubao. Kazi ilikuwa nzuri hata Abudo akaona wivu. Mistari ilikwenda sawa, myembamba, pembe zimepinda kwa upole. Kwa macho yake yenye ukungu aliuona umekamilika, na alasiri ilikuwa inakaribia. Akautumbukiza. Maji yakageuka kijani, shaba isiyotakiwa ikayeyuka. Akaikwangua rangi, akatoboa matundu kwa sindano ya cherehani, akalehemu vipande vyake alivyovitunza, mwisho akalehemu transista kubwa, ya pekee aliyobaki nayo.

Akaunganisha betri. Ikatoka harufu ya unywele ulioungua, kisha moshi mwembamba juu ya transista, kisha hakuna kitu.

Alimwita Ancha amwangalizie. Ancha aliinama juu ya ubao akapitisha kidole.

"Wapi pana kosa? Mbona mimi sioni?"

"Hapa. Hapa njia ilikuwa iishie. Nani kaiunganisha?"

"Mimi. Ulikuwa umesahau."

"Nimesahau nini?"

"Uzi ulikuwa wazi, kaka! Uzi wa hina ukiachwa wazi mkononi mwa mwari, ndoa inatorokea hapohapo. Nikasema maskini macho yake hayaoni, nikakufungia."

Abudo angemlaumu vipi? Mkono uliofundishwa miaka hamsini kutoacha uzi wazi, utauachaje? Kilichomkera ni kwamba mkono huohuo ulikuwa umewachora maua wale wasioolewa, tena umewafungia nyuzi zao zote, na hakuna aliyejua alichofungiwa.

Jioni hiyo alimwomba Aiuba, mtoto wa Ancha, aliyekuwa na kazi kambini na fulana ya kumetameta aliyoivaa hata msikitini. Dereva mmoja wa kwao alikuwa anakwenda Macomia alfajiri. Apitishe neno Quiterajo: Abudo mzima, redio ndiyo iliyokufa.

"Sem problema, mjomba, hakuna taabu," alisema Aiuba. "Kwanza nitakuletea na ubao. Kule wanatupa mpaka basi."

Na kweli aliuleta kesho yake, ubao wa kijani uliotupwa jalalani kwa wakubwa. Abudo aliusogeza karibu na pua. Vipande vyake vilikuwa vidogo kama mayai ya chawa, vimegandishwa na mashine, havina jina wala mguu wa kushika. Haukutengenezwa na mtu na haukutengenezwa ili mtu aurekebishe. Aliurudisha kwa ncha za vidole, kama anayerudisha panya.

"Na dereva? Neno langu limefika?"

Aiuba akajishika kichwa. "Eh, mjomba! Tulikuwa na reunião, kikao juu ya kikao."

Hiyo ilikuwa siku ya saba.

Siku ya tisa, mchana, Abudo yuko barazani akikwangua uzi uliofungwa na Ancha, ili siku atakapopata transista ubao uwe tayari. Mzee mmoja akashuka kwenye gari la mizigo, vumbi mpaka kwenye kope, kiroba cha mchele begani. Akasimama.

"Camarada," alisema Jerónimo, kama walivyoitana vitani. "Wewe ni maiti wa namna gani?"

"Redio iliungua."

"Nimelia toka nyumbani! Mocímboa nimelia, watu wakaninunulia maji. Machozi yangu nani atanirudishia?"

Abudo alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mvua ile. Akampokea kiroba, akamketisha, akamweleza habari ya hina na ya transista. "Kijana wa Ancha ataiagiza Mtwara. Mwezi mmoja tu, tutakuwa hewani."

Jerónimo alivua kofia akaikung'uta, ingawa vumbi lilikuwa limeshatoka.

"Redio yako umemwachia nani?" aliuliza Abudo.

"Nimeiuza. Kwa yule mnunuzi wa vyuma aliyeingia na hii gesi. Aliipasua kwa nyundo mbele yangu, akachukua shaba." Akakionyesha kiroba kwa kidevu. "Mwenzangu amekufa, ningeongea na nani? Na matanga yako yaliwe muhogo mkavu?"

Ancha aliupika mchele ule, maana mchele wa matanga haurudishwi. Katikati ya kula Jerónimo akaanza kugonga ukingo wa sahani kwa ukucha, fupi, ndefu, fupi. Abudo akamgongea.

"Mnasemaje?" aliuliza Ancha.

"Anasema wali una mchanga," alisema Abudo. "Nimemwambia ale."

Asubuhi alimsindikiza mpaka kituoni, akamsukuma juu ya magunia. Jerónimo aliinama kutoka kule juu.

"Sasa tutajuaje mmoja wetu akifa?"

"Hatutajua," alisema Abudo, na gari lilipoondoka alitema vumbi lake, akarudi nyumbani kuuvisha ubao ile kanzu kuukuu.