Samaki wa Sihaba

Watu wa mtaa wa Igogo walimjua Sihaba binti Mbaruku kuwa mwanamke mwenye hasira za karibu. Yeye alikataa. Alisema hasira zake hazikuwa za karibu hata kidogo. Zilikuja kwa miguu, zikitoka mbali, na aliyezianzisha anajulikana.

Alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, na tangu mwaka 1952 alifagia vyumba katika hoteli moja ya Wazungu pale Mwanza, karibu na ziwa. Mwenye hoteli alikuwa Bibi Lockwood, mwanamke mrefu aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba. Mwaka 1957 Bibi huyo aliagiza sanduku kubwa la kioo kutoka Nairobi. Lilishushwa melini na watu wanne, likawekwa ukumbini, mahali wageni walipongojea chakula. Alitaka kuwaonyesha furu, wale samaki wadogo wa kwenye mawe ya ziwa, madume yao yana rangi ya samawati na wekundu wa pilipili iliyoiva.

Siku ile ile alilijaza maji ya bomba, akamwaga changarawe nyeupe iliyooshwa mpaka ikang'aa, na jioni wavuvi wakamletea furu thelathini kwenye debe. Wote wakatiwa kwa pamoja. Siku ya tatu maji yalikuwa kama yale ya kuoshea mchele, na samaki walikuwa juu wakitweta kwa midomo. Siku ya tano hapakuwa na hata mmoja aliye hai.

Bibi Lockwood alimwita Sihaba mbele ya wageni.

"Umeosha kioo kwa sabuni," alisema.

"Sikuosha, Memsahib. Sijaligusa tangu lilipokuja."

"Unasema uongo. Samaki hawafi hivihivi."

Akaandika katika kipande chake, ile kadi ya kazi, kuwa ni mzembe na si mkweli, akamhamisha kutoka vyumbani akampeleka kusafisha vyoo. Sihaba ndiye aliyeokota wale samaki kwa mikono, mmoja mmoja, akaenda kuwafukia nyuma ya jiko. Antoni, mpishi wa pale, mtu wa Bukoba mwenye roho nzuri, alimwambia, "Dada, subira yavuta heri." Sihaba akaendelea kufukia.

Mtu mwingine angelisahau jambo lile. Yeye alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Akamwambia kaka yake Salehe, fundi wa madirisha, amtengenezee sanduku dogo kwa vipande vya vioo vilivyobaki. Salehe alicheka kwanza, kisha alipomtazama usoni akaacha kucheka. Aliunga vioo kwa vyuma vya pembe na kuziba kwa lami, likavuja mara mbili, akalirudia.

Sihaba alifanya kama Bibi alivyofanya: maji ya bomba, changarawe iliyooshwa, furu wawili. Wakafa siku ya nne. Alikaa akiwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile moyo ukatulia kidogo. Basi haikuwa sabuni. Alikuwa amelijua hilo, lakini sasa alikuwa ameliona.

Ijumaa iliyofuata alishuka ufukweni akaingia katikati ya mawe, maji yakimfika magotini, akatazama furu wanakokaa. Hawakuwa juu ya changarawe nyeupe. Walikuwa juu ya mchanga mweusi wenye tope, penye majani marefu kama utepe, konokono, na mawe yaliyoota utelezi. Akachota mchanga ule kwenye karai bila kuuosha. Akang'oa majani na mizizi yake. Maji ya bomba aliyaacha kwenye ndoo wazi siku mbili, maana yalinuka dawa, ndipo akayatia. Samaki hakutia.

Maji yakapauka yakawa meupe, na jirani yake Mwaija akamwambia amwage, yameharibika. Sihaba akamwambia aende akapike kwake. Siku chache baadaye yakatakata yenyewe. Majani yaliyooza aliyatoa, yaliyobaki yakachipua. Wiki ya tatu ilipokwisha akatia furu wawili wadogo, akawapa chakula kidogo kuliko walivyotaka. Kila asubuhi aliinama akanusa. Siku za mwanzo maji yalikuwa na ukali fulani puani, kama zizi la mbuzi. Akapunguza maji, akaongeza mapya yaliyolala ndooni. Kisha ukali ule ukaondoka. Maji yakanuka udongo baada ya mvua. Hapo akatia wawili wengine, akangoja tena wiki mbili. Mwaija alizoea kusema kwamba Sihaba hakuwa na subira kwa binadamu, yote aliiweka kwa samaki.

Mwaka uliofuata Bibi Lockwood alikwenda kwao Ulaya kwa miezi minne. Sanduku lake la kioo lilikuwa stoo, limejaa magunia. Sihaba na Antoni walilitoa. Sihaba akabeba mchanga wake kutoka Igogo kichwani, mzigo baada ya mzigo, na majani yake, na ndoo ya maji ya sanduku lake la nyumbani. Alipomaliza kungoja na kuongeza, mlikuwa na furu kumi na wawili, na majani yamefika juu yakilala mlalo.

Bibi aliporudi alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Jioni wageni wakaja, na Sihaba, aliyekuwa akipita na ndoo, alimsikia akiwaambia kwamba imemchukua kazi nyingi, lakini hatimaye amepata njia.

Kesho yake Sihaba alimfuata ofisini na kipande chake.

"Memsahib, lile neno uliloniandikia. Naomba ulifute."

"Neno gani?"

"Kwamba mimi si mkweli."

Bibi alitafuta miwani, akasoma, akamrudishia. "Ni zamani hiyo, Sihaba. Rudi vyumbani, vyoo atasafisha mwingine." Kalamu ilikuwa mezani, hakuigusa.

Hilo ndilo Sihaba alilomeza miaka mitatu. Kila asubuhi aliwalisha furu kabla ya kushika ufagio, na kila mgeni aliyesifu alimsifu Bibi.

Mwaka 1961 ulipokuwa ukielekea mwisho, Bibi Lockwood aliuza hoteli akaondoka. Meneja mpya alikuwa Josephat Ndalahwa, kijana wa Magu aliyesoma, mwenye suti moja nzuri na sauti ya upole. Alimwamkia Sihaba shikamoo kila asubuhi. Sihaba alifurahi kweli. Alimweleza habari ya sanduku tangu mwanzo mpaka mwisho, naye akatikisa kichwa akasema, "Mama, ulionewa." Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo.

Siku tatu kabla ya Uhuru alifika kazini akakuta sanduku linang'aa. Vibarua wawili walikuwa wamelisugua kwa maji ya moto. Mchanga ulikuwa umemwagwa uani, majani yametupwa jalalani, na ndani mlikuwa na changarawe nyeupe na furu arobaini wakigongana.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama," alisema Josephat. "Kioo kilikuwa na ukoko wa kijani. Wakubwa wanakuja kula hapa siku ya sherehe. Nataka waone usafi, na waone samaki wengi."

"Ule ukoko ndio uliokuwa unawaweka hai. Hawa watakufa."

"Siku tatu tu, mama. Baadaye tutapanga vizuri."

"Toa thelathini na tano sasa hivi, uwarudishe ziwani. Nitaleta mchanga wa nyumbani kwangu."

"Mama Sihaba," alisema, bado kwa upole, "mimi ndiye meneja."

Mchana wa sherehe ukumbi ulijaa watu waliovaa vizuri, na ngoma zilisikika mpaka ndani. Samaki walikuwa wamelala ubavu juu ya maji, na harufu ilikuwa imeanza. Mjumbe mmoja wa kamati ya sherehe akauliza kulikoni. Sihaba alikuwa mlangoni na sinia la glasi. Akamsikia Josephat akijibu, "Ni wafagiaji, mzee. Nadhani walitia sabuni."

Sihaba aliweka sinia chini taratibu, isivunjike hata glasi moja. Akaenda mpaka katikati ya ukumbi.

"Shikamooni," aliwaambia wazee. "Huyu bwana anasema uongo, na anajua. Nilimwambia siku tatu zilizopita, akiwa amesimama hapo hapo. Mzungu aliniambia neno hilo mbele za watu, nikakana, kisha nikanyamaza, kwa kuwa ilikuwa nchi yake. Leo mnasema ni yetu. Basi leo sinyamazi."

Mtu mmoja akasema si mahali pake. "Mahali pangu ni wapi?" Sihaba akamwuliza. "Chooni nimeshakaa."

Josephat alitazama viatu vyake. Sihaba akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya sanduku la kioo, akatoka kwa mlango wa mbele, ambao wafanyakazi walikatazwa kuutumia.

Baada ya wiki mbili Josephat alikuja Igogo, akasimama mlangoni na mvua inamnyeshea. Akasema amekosa, akamwomba arudi kazini.

"Uliwaambia wale wazee kwamba ulisema uongo?"

"Mama, mambo yale yamekwisha."

"Kwako."

Hakumkaribisha ndani. Mwaija alimlaumu kwa hilo, akasema kijana wa watu ameloa, na msamaha ni bora. Sihaba akasema msamaha utakuja siku utakapofika, yeye hataufuata.

Mwezi wa pili mwalimu Suzana, aliyefundisha wasichana katika shule ya jirani, alimwomba awajengee sanduku darasani. Salehe akakata vioo. Sihaba akabeba karai la mchanga mweusi kichwani, akalimimina mbele ya wasichana, wakaziba pua. Akawaambia hakuna samaki mpaka wiki tatu zipite, na atakayetia mkono humo atamkuta yeye.

Siku ya kumi maji yalikuwa meupe, na mwalimu Suzana akamtumia ujumbe kwamba anadhani ni bora wayamwage. Sihaba alijitupia kanga, akatoka kwa hatua za haraka kuelekea shuleni, kabla hawajayamwaga.