Mvua ya Vijiti

Kila nikipita sokoni Kasongo wakati wa mvua za kwanza, pua hunitangulia. Kuna mama mmoja hukaanga kumbikumbi kwenye sufuria isiyo na mshikio, bila mafuta mengine ila yao wenyewe, chumvi kidogo tu, na ile harufu nzito ya karanga na udongo uliolowa hunikuta nikiwa bado mbali. Wenzangu hudhani nina njaa. Sina njaa. Nina hasira, hasira ya zamani sana, na papo hapo mate yananijaa kinywani. Msinicheke, jamani. Mtu anaweza kukichukia kitu na kukitamani kwa pumzi moja.

Nilizaliwa upande wa Wamaza, wakati wa Wabeleji. Ulikuwa wakati wa pamba, kila nyumba na shamba lake, upende usipende. Mama yangu alikufa kwa homa kabla sijang'oka meno ya utoto. Baba alichukuliwa kwenda kutengeneza barabara, akawa mtu wa kusikika tu. Nikabaki kwa shangazi, dada yake baba, mjane mrefu aliyekonda, mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Nguo za mama ndugu wakagawana. Chungu chake akachukua shangazi. Kwangu kikabaki kichuguu.

Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama vile mchikichi ulivyo na mwenyewe. Anayekifyekea majani kabla ya mvua ndiye atakayekula kumbikumbi wake. Mama alipewa chake alipokuja kuolewa, nyuma ya mashamba, chekundu na kirefu kuliko baba. Alipokufa kikawa changu, ila kwa desturi yetu mwenye kichuguu sharti akivune kwa mkono wake. Msimu ukipita hajakivuna, anakichukua mwingine. Na huyo mwingine alikuwa tayari. Ndiye Ramazani, binamu wa baba, ambaye alikwisha kuchomeka tawi bichi ubavuni mwa kichuguu, kama mtu anayeweka kofia kwenye kiti ili mwenzake asikikalie. Shangazi alimwahidi kwamba hatanisaidia, naye akamwahidi shangazi kikapu kizima. Walipatana hayo mbele yangu, huku nikiwamiminia maji ya kunawa.

"Kama iko yako, kamata," shangazi aliniambia. "Asiyefunzwa na mama yake, dunia itamufunza."

Aliipenda sana methali hiyo. Alinipa asubuhi na jioni, na siku nyingine alinipa hiyo badala ya chakula.

Basi nikakamata. Nilifyeka majani, nikasimika vijiti, nikavifunika kwa majani mapana ya msituni, yale ya kufungia chikwange, mkate wa muhogo, mpaka kichuguu kikawa na kibanda chake chenye giza. Chini nikaacha mlango mmoja mdogo, na mbele yake nikachimba shimo na kulitandika majani laini. Kumbikumbi hufuata mwanga, hutoka mlangoni, huteleza na kuanguka. Hayo nilikuwa nimeyaona kwa mama nikiwa mgongoni mwake. Lakini kumbikumbi hawatoki ila mvua iwaite, na mvua ya kweli haijui kungoja mtu. Ndiyo maana watu hukaa juu ya kichuguu na vijiti viwili, wakagonga gonga kwenye kipande cha ubao, wakaigiza matone. Wanaojua, wanaitikiwa. Hilo la kugonga sikuwa nimelishika, maana mgongoni mwa mama nilikuwa nasinzia.

Siku ya kwanza niligonga mpaka viganja vikaniuma. Niligonga kwa hasira, haraka haraka, nikidhani mwenye nguvu ndiye anayesikika. Walitoka askari wa mchwa, wenye vichwa vikubwa, wakaniuma kati ya vidole vya miguu. Kumbikumbi hata mmoja hakutoka. Ramazani alikuwa amesimama pale amekunja mikono.

"Unapiga ngoma ya arusi?" akauliza. "Bibi arusi iko wapi?"

Alicheka hadi akashika tawi lake asianguke. Nilitamani limvunjikie.

Baada ya hapo nilijizoeza kila nilipopata nafasi. Niligonga kwenye kinu, kwenye mlango, kwenye jiwe la kusagia. Ndivyo nilivyounguza sombe, majani ya muhogo niliyoachiwa niyapike. Siku hiyo monitere, msimamizi wa pamba wa serikali, alikuwa amepita mashambani, akakuta majani yamesonga pamba ya shangazi, akampigisha magoti katikati ya mistari juani, wanaume wakipita na kutazama pembeni. Alirudi nyumbani alasiri, magoti yamejaa udongo, akasikia harufu ya mboga iliyoungua, akaniona na vijiti mkononi. Alinishika sikio, akanitoa nje, akafunga mlango. Wingu lilikuwa limekwisha kuwa jeusi upande wa mto Luama.

Mvua ilipoanza nilijibanza chini ya upenu. Akafungua mlango kidogo, akanisukuma kwa mwiko.

"Hata hapo hapana. Kaa mbali. Usilie hapa, unanichokesha."

Nikaenda. Niende wapi? Milango ya wengine niliijua, na nyuma ya kila mlango kulikuwa na mtu asiyetaka ugomvi na shangazi. Nilikimbia mashambani huku nikilia kwa sauti, nikiita mama, jina ambalo halikuwa na mtu tena, mpaka nikafika kichuguuni. Nikainua majani, nikaingia chini ya kibanda nilichowajengea kumbikumbi, nikajikunja, mgongo kwenye udongo. Kichuguu kilikuwa na joto. Naapa kilikuwa na joto, kama ukuta wa jiko lililozimwa punde.

Nililia hapo mpaka nikachoka. Nilipochoka, nikasikia. Kwanza nilidhani mvua ni kelele moja tu. Kumbe sivyo. Tone kubwa lilianguka, likanyamaza. Jingine likaanguka kwingine, kama mtu anayeuliza. Halafu yakaja madogo mengi pamoja, yakapita juu yangu yakaenda zao, pakawa kimya, na ule ukimya ulikuwa sehemu ya mvua kama matone yenyewe. Hapo nikajua kosa langu. Mimi sikuwa nimeacha kimya hata kimoja. Niliweka sikio kwenye udongo. Ndani kabisa, chini, kulikuwa na mchakacho mdogo, kama mama anayepepeta unga chumba cha pili. Walikuwa wanasikiliza na wao, saa yao ya kutoka bado. Nikafunga mdomo, nikapumua kidogo kidogo, tukasikiliza wote. Baridi ilikuwa inanitetemesha meno, tumbo tupu, sikio linawaka pale alipolishika shangazi, na bado nawaambia kweli, sijawahi kukaa mahali pengine nikawa mzima namna ile. Mvua ilipokatika jua lilikuwa linazama, na kila jani lilikuwa linadondosha maji kwa zamu yake.

Siku iliyofuata ilikuwa kavu. Jioni nilipanda kichuguuni, nikashika vijiti, lakini sikugonga kwanza. Nilikaa mpaka moyo ukatulia. Ramazani alikuja tena, na shangazi naye alikuja, na kikapu chake tayari kujazwa na Ramazani, maana hakuja kuona nikishinda. Nikagonga mara moja. Nikanyamaza. Nikagonga kwingine. Ramazani akaanza kucheka, sikumgeukia. Nikaleta mvua ndogo, nikaipitisha, nikaacha kimya, nikaleta kubwa, nikaacha tena. Giza lilikuwa linaingia nilipoona bawa la kwanza mlangoni. Halafu la pili. Halafu wakabubujika, wanene, weusi, wanapandana migongoni, wakimwagika shimoni mpaka shimo likatetemeka. Waliamini kwamba mvua imewaita. Nilifurahi hata nikawaonea huruma.

Ramazani aling'oa tawi lake, akaenda nalo. Hilo tu ndilo jambo zuri nililowahi kumwona akifanya.

Shangazi alikichukua kikapu kilipojaa. Aliwakaanga usiku uleule, akawaita majirani, wakala hadi vidole vikang'aa mafuta. Mimi nilingoja zamu yangu kando ya moto. Alipomaliza kupepeta, akanisogezea ungo. Juu yake yalikuwa mabawa matupu.

"Kula hayo," akasema. "Utaruka."

Watu wakacheka. Niliyala. Yananata kwenye ulimi kama ngozi ya kitunguu, hayana ladha yoyote. Lakini kichuguu kilikuwa changu, na kila msimu baada ya huo nilikivuna mwenyewe.

Nimekuwa mtu mzima kwa lile somo la mvua. Nimezaa, nimezika mume, nimekimbia vita na watoto njiani, na kila mara kilio kilipotaka kunimaliza nilikaa chini nikatafuta kimya kilicho kati ya tone na tone, nikaanzia hapo. Wanangu walipouliza nilijifunzia wapi, niliwaambia ni shangazi. Niliwaambia kuna upendo wenye mkono mgumu, kwamba alinitupa mvuani makusudi ili nijue mvua. Niliamini hivyo. Nilihitaji kuamini hivyo, la sivyo ningefanya nini na siku ile?

Alipokuwa mzee sana na macho yamekufa, nilimleta kwangu. Hakuwa na mwingine. Jioni moja ya mvua za kwanza niliketi naye, bakuli la kumbikumbi moto katikati yetu, nikamwuliza.

"Shangazi, ile siku ulinifukuza katika mvua, ulijua nitaenda kwenye kichuguu? Ulikuwa unanifunza?"

Alicheka, kinywa kitupu.

"Nikufunze nini? Nilikufukuza tu. Watoto wangu walikufa wote, weye ukabaki. Nilikuwa nakuchukia, Feza. Nilitaka mvua ikumalize." Akanyoosha mkono gizani kwake. "Leta kumbikumbi, wanapoa."

Aliyasema bila chuki, kama mtu anayeeleza alikopanda mihogo mwaka jana. Nami nilikuwa nimemshukuru maisha yangu yote. Ndipo nilipoelewa. Methali yake ilikuwa kweli, dunia ilinifunza, lakini yeye hakuituma. Hapakuwa na mwalimu. Palikuwa na mtoto mwenye baridi chini ya majani, na mvua isiyomjua, na yule mtoto ndiye aliyeamua kunyamaza asikilize. Shukrani zile zote nilizompa shangazi zilikuwa za yule mtoto.

Nikalivuta bakuli kwangu. Nikala mimi kwanza, polepole, naye akisikia meno yangu yakitafuna, mkono wake ukiwa bado hewani. Nilikula mpaka nikashiba.

Kisha nikachukua ungo, nikawapepeta waliobaki, nikatoa kila bawa, nikamwekea kumbikumbi wenyewe mkononi.