Maji ya Dévote

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Waliosema hivyo hawakukijua kidole cha Dévote wa Gasenyi, kwa maana kile peke yake kilitosha kumvunja Ernestine.

Ernestine ni mama wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, na nyumba yake iko Bujumbura, mtaa wa Nyakabiga, nyuma ya duka la vocha na mkate. Uvira walimjua kwa kazi moja: kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua, Ernestine ndiye aliyeitwa kumkanda kwa maji ya moto, kumfunga tumbo kwa kitambaa na kumlaza. Kwa hiyo mwanawe Patrick alipomwoa Benite, binti wa Dévote, na Benite akapata mimba ya kwanza, Ernestine alijua mjukuu ataanzia maisha mikononi mwake.

Tena hakutaka moshi wa makaa karibu na kitoto. Patrick akamnunulia mtambo wa kupasha maji kwa jua, ukafungwa juu ya bati na fundi aitwaye Zénon, wa Mutakura, mtaa ulio kaskazini mwa mji. Majirani walikuja kuutazama, na Ernestine akatembea na shingo ndefu wiki nzima.

Benite akajifungua katikati ya kiangazi. Mama wawili na akina mama wa kanisani wakajaa chumbani, Ernestine akaingia na beseni. Dévote akatumbukiza kidole, akakitoa, akakifuta kwenye kitenge chake polepole ili kila mtu aone.

“Maji hii ni ya kuosha sahani,” akasema. “Apana ya kukanda muzazi.”

Jioni ile ile akamchukua binti yake na mtoto, wakapanda taksi kwenda kwake Gasenyi. Ernestine alikuja kumpakata mjukuu wake siku ya ubatizo, tena kwa zamu, baada ya mashangazi wote. Na mtaa, ambao haukosi mdomo, ukampa jina: Mama Vuguvugu.

Mtu mwingine angesamehe. Ernestine aliomba asamehe, kanisani, kwa magoti, na kila alipoinuka alikuta chuki imemngoja mlangoni. Kama ni kidole kilichomwaibisha, basi kidole kile kile kitarudi ndani ya beseni lake, mbele ya watu, nacho kitatoka kimeiva. Hilo ndilo aliloliomba kweli, na sitalipamba.

Akaanza kuupeleleza mtambo kama mke anavyompeleleza mume. Asubuhi nyingi hakuona kitu. Ndipo kiangazi kilichofuata, akianika nguo saa sita mchana, akainua macho akaona jua limesimama upande wa Mutakura, na kile kioo cha mtambo kimeinuka wima kikitazama upande mwingine kabisa. Kimeligeuzia jua mgongo! Miale ilikuwa ikikichungulia tu pembeni, kama mpita njia.

Akamwita Zénon. Zénon akaja na kitabu chake cha maelekezo cha Kifaransa, akaonyesha mstari: kioo kielekee kusini, tena kiinuke sana. Ernestine akamwuliza kitabu kilipigwa chapa wapi. Zénon akageuza jalada, akasoma, kisha akaanza kucheka hadi akakaa chini. Kule kwa Wazungu, kitabu kilikopigwa chapa, jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Hapa kwetu Bujumbura linahama, linakwenda huku na kurudi, na katika miezi ya kiangazi linakaa kaskazini. Zénon alikuwa amefunga mitambo kwenye nyumba nyingi namna ile, na kila mahali watu walidhani maji ya jua ni vuguvugu kwa asili yake.

Wakakigeuza kioo kielekee Mutakura, wakakilaza, wakiacha mwinuko mdogo tu wa kuyasaidia maji ya moto kupanda kwenye tangi. Wakafungua tangi, wakatoa matope mekundu. Zénon akasema bomba linaloshuka bafuni lipo uchi, ndiyo sababu joto linaishia njiani, Ernestine atafute kitu cha kulivika. Ernestine akaingia ndani akatoka na matela mapya, godoro la sponji alilokuwa amemnunulia Benite la kulalia uzazi wake, ambalo halikulaliwa na mtu. Akalikata kwa kisu cha mboga, kipande kwa kipande, na kila alipokata alijisikia vizuri. Wakavika bomba lote, wakazungushia plastiki. Tangu siku ile kila asubuhi alipanda ngazi kukisugua kioo, maana vumbi la kiangazi nalo hula jua.

Maji yakawa moto. Yakawa moto hata jirani aliyekuja kuomba ya kunyonyolea kuku hakuhitaji kuyachemsha tena. Lakini jina la Vuguvugu halikutoka. Ernestine hakujali, alikuwa na mtu mmoja tu wa kumsadikisha.

Benite akapata mimba ya pili. Safari hii Patrick alisema mkewe atalala uzazi Nyakabiga, na Benite mwenyewe akasema ndivyo anavyotaka. Alimpenda mama mkwe wake, yule binti, na ile siku ya taksi ilikuwa imemkaa rohoni. Dévote akakubali kwa sharti moja, kwamba yeye atakuja kuyaonja maji kwa kidole.

Ernestine alipopata habari hiyo hakulala kwa furaha. Benite alipojifungua, ikapangwa siku ya Dévote kuja, na siku mbili kabla yake Ernestine hakuruhusu mtu yeyote kugusa bomba. Jua lilipiga, tangi likanyonya, na mchana wa siku yenyewe akafungua akayapokea maji katika beseni kama yalivyo, bila kuyachanganya na hata kikombe cha baridi. Akayafunika kwa kitambaa cheupe ili mvuke usiyasemee. Akajiambia ni kidole tu, kidole hakimwui mtu.

Benite alikuwa amekaa kitandani, mtoto ubavuni. Akina mama wa kanisani walikuwepo, kama alivyotaka. Ernestine akaweka beseni chini, na Dévote akasogea akikunja mkono wa gauni.

Benite akamwona mama yake, akataka kumtangulia. Akainama haraka, akainua pembe ya kitambaa, akatia mkono wake mwenyewe mpaka kwenye kifundo, akautoa, akaufumba ndani ya kitenge.

“Iko muzuri, Mama,” akasema. Sauti ilikuwa nyembamba. “Ya moto vile inatakiwa.”

Dévote akataka ahakikishe. Benite akasema hapana, anayekandwa ni yeye, naye ameridhika. Mama asimwaibishe mama mkwe wake mara mbili. Akina mama wakaitikia kwamba binti amesema neno. Dévote akasimama kidogo, akashusha mkono wa gauni, kisha akamgeukia Ernestine na kumwomba radhi kwa lile la zamani, kwa sauti ya kusikika. Akaondoka na wenzake. Mmoja wao alimwita Ernestine kwa jina lake la ubatizo.

Mlango ulipofungwa Benite akautoa mkono. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo, ngozi ya vidole imeanza kuinuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini alikuwa akiyafuta yasimdondokee mtoto.

Ernestine akapiga magoti, akataka kuushika. Benite akaurudisha kifuani.

“Maji hii ilikuwa ya mama yangu,” akasema. “Si ndiyo?”

Mtoto akaamka, akaanza kulia akitafuta ziwa, na Benite akajaribu kumwinua kwa mkono mmoja akashindwa. Ernestine akanyoosha mikono yake, akaiacha hewani, akingoja kuambiwa kama anaweza kumgusa.