Kidevu cha Nahodha

Katika mji wa Kivilahti, timu ikishinda, kinyozi anapata hasara. Taisto Ollikkala alilijua hilo tangu alipofungua duka lake nyuma ya uwanja wa hoki ya barafu, na hakuwahi kulalamika. Wachezaji wa Ahma, timu ya mji, wakishaingia hatua ya mtoano hawanyoi ndevu, kwa kuogopa nuksi, mpaka watolewe au watwae kombe, na wanaume wa mji huwafuata: walimu, madereva wa magreda ya theluji, hata mchungaji wa kanisa. Kila mwaka Ahma walitolewa mapema. Wanaume walirudi na ndevu fupi zinazochoma, wakanyolewa kimya kimya kama watu waliotoka kuzika.

Msimu huu kiti kilikaa kitupu hadi mwisho wa Aprili. Ahma walimaliza ligi katika nafasi ya sita, kisha wakazitoa timu kubwa moja baada ya nyingine. Sasa fainali, ya michezo saba, ilikuwa tatu kwa tatu, na mchezo wa kuamua ulikuwa jioni hiyo, nyumbani. Klabu haikuwahi kuwa bingwa. Taisto alipanga kufunga duka kiangazi hicho, na alitaka jambo moja tu kabla ya hapo: kunyoa ndevu za bingwa.

"Umekuwa kichaka," mkewe Raili alimwambia, akimmiminia kahawa pale dukani.

"Vumilia hadi usiku, mama."

"Nimevumilia ndoa nzima."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Aki Sorvali, nahodha, beki aliyekulia mtaa wa pili. Kidevu chake kilikuwa na bandeji. Katika mchezo uliopita kile kisahani kigumu cha mpira kinachopigwa kwa magongo kilimpasua.

"Daktari anasema nywele zinaingia kwenye kidonda," alisema. "Nisiponyoa hapa, hanipi ruhusa ya kucheza."

"Yeye hana wembe?"

"Anao. Nimemkatalia. Kama ni nuksi, mzee, bora itoke kwenye mkono ninaoujua."

Taisto aliweka kikombe chini. Akikataa, nahodha angeitazama fainali akiwa jukwaani. Akikubali na Ahma wakashindwa, watoto ambao hawajazaliwa wangeoneshwa dirisha la duka lake. Akavuta kiti. Aki alikaa, akashika mikono ya kiti kama mtu anayeng'olewa jino.

"Tayari?"

"Wewe nyoa."

Taisto hakuanza naye. Aligeukia kioo, akajipaka povu, na kwa mapito machache akakiacha kidevu chake mwenyewe wazi, ndevu zikining'inia pande zote mbili.

"Haya. Nuksi ikiwepo, tumegawana."

Raili alimgeuza uso kwenye mwanga. "Kichaka kilikuwa nafuu," akasema.

Aki alicheka mpaka kidonda kikamuuma, kisha akainua uso anyolewe.

Aki hakuwa amefika mbali barabarani habari zilipoenea. Wa kwanza kuja alikuwa Pentti, dereva wa greda.

"Ninyoe kama nahodha."

"Una kidonda?"

"Nina tiketi."

Akafuata mwalimu wa hesabu, halafu mchungaji, halafu watu ambao Taisto hakuwafahamu. Foleni ilifika kituo cha basi. Hakula mchana.

Jioni Ahma walishinda mbili kwa moja. Aki hakufunga; katika dakika ya mwisho alijilaza kwenye barafu, akazuia shuti kwa mbavu, na hapo king'ora cha kumaliza mchezo kikalia. Aliponyanyua kombe, Taisto hakulitazama. Alitazama majukwaa: safu juu ya safu ya wanaume waliokuwa wakilia, videvu vyao vyeupe chini ya taa, vyote kazi ya mkono wake.

Asubuhi Aki aliwasili kabla duka halijafunguliwa. Nyuma yake watu walikuwa wamejaa barabarani.

"Zote?" Taisto aliuliza.

"Zote. Na usiharakishe."

Taisto alinoa wembe. Raili akaenda kufunga mlango kwa sababu ya baridi.

"Uache wazi," Taisto alimwambia. "Wanataka kuona."

Akaanzia shavu la kushoto.